Ua la Wifi na Lambo la Ukoo

Huku Sola, wilayani Maswa, maji hayadharauliwi. Mvua zikianza Novemba tunayakinga, zikikatika Mei tunaanza kuyabana. Mji wa Maswa unanywa kutoka bwawa la New Sola, lakini mifugo ya kaya yetu inategemea lambo. Alilichimba baba mkwe na wadogo zake, kwa majembe na ng'ombe wa kukokota udongo, kabla mimi sijaolewa hapa. Ng'ombe wanakunywa humo, mbuzi wanakunywa humo, na mwaka wa neema hata mchicha wangu unapata. Mtu akitaka kujua utajiri wa kaya hii asihesabu pembe zizini. Aende akaangalie lambo mwezi wa Septemba.

Wifi yangu ameolewa Lamadi, wilayani Busega, kando ya Ziwa Victoria. Kila akija kusalimia wazazi haji mikono mitupu: leo sato wa kukaanga, kesho dagaa. Safari moja akashuka kwenye basi na ndoo, na ndani ya ndoo mimea michache inaelea.

"Wifi, nimekuletea ua," akaniambia. "Uani kwako pamekauka mno."

Ua lenyewe, nasema kweli, ni zuri. Majani ni ya mviringo, ya kijani kinachong'aa kama yaliyopakwa mafuta. Kikonyo cha kila jani kimevimba, chepesi, na ukikiminya kinatoa mlio mdogo wa kupasuka, kwa kuwa ndani kimejaa hewa. Hicho ndicho kinachouelesha mmea. Chini zinaning'inia nywele nyeusi za mizizi. Katikati linasimama shada la maua ya zambarau, kila ua petali sita, na ile ya juu ina doa la manjano lililozungushiwa buluu. Hakuna aliyepita uani asisimame. Wifi alilijua kwa jina, gugu maji, lakini kule kwao upepo unalileta ufukweni leo na kesho umelipeleka pengine. Hakuna aliyefikiria kwamba kitu cha ziwa lile kubwa kingeweza kufanya makazi katika pipa lililokatwa nusu, chini ya mwarobaini.

Lilifanya makazi. Mmea mama hutoa vikonyo vya pembeni, na kwenye ncha ya kila kikonyo huzaliwa mtoto, naye kabla hajakomaa ameshaanza kuzaa wake. Penye joto na maji yenye rutuba, gugu maji huweza kujizidisha mara mbili ndani ya wiki mbili au pungufu. Pipa likajaa. Yaliyozidi mama mkwe akayahamishia kwenye birika la kunyweshea ndama, ili nako kupendeze. Baba mkwe, ambaye kwa heshima ya ukwe huwa hanisemeshi moja kwa moja, akamtuma mjukuu: "Mwambie mama yako, majani yale yanawatangulia ndama kunywa."

Kabla hatujalitafakari neno lake, ikanyesha mvua kubwa usiku. Pipa likafurika, birika likafurika, na maji ya uani, kama yalivyo siku zote, yakakimbilia bondeni kwenye lambo. Asubuhi mimea ilionekana huku na huko juu ya maji ya tope, mingine imebeba maua. Ulikuwa msimu wa pamba. Kila mwenye mikono alikuwa shambani. Palizi ilipokwisha tukainua macho, na lambo halikuonekana. Kulikuwa na uwanja wa kijani kutoka ukingo hadi ukingo.

Ndama mmoja alidhani ni malisho. Alikanyaga, akazama hadi shingoni, na vijana wakamtoa kwa kamba. Baada ya hapo ng'ombe wakawa wanasimama ukingoni wanalia kiu mbele ya maji yao wenyewe. Maji ya chini yakaanza kunuka, kwa maana jua haliyafikii na majani yanayokufa yanaozea humo humo. Mbu wakazidi. Konokono wakashikamana na mizizi, na sisi wa kanda hii tunajua konokono wa majini na kichocho ni majirani.

Mume wangu akamwita bwana shamba, tukakaa kikao chini ya ule mwarobaini. Jirani alipendekeza dawa ya magugu. Baba mkwe akakataa palepale: lambo ni kinywa cha ng'ombe, na halina mlango wa kutolea sumu. Kijana mmoja akasema tuwalishe ng'ombe majani yale. Bwana shamba akaeleza kwamba zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mmea huo ni maji. Ng'ombe atajaza tumbo bila kushiba. Ndipo akatusimulia safari ya ua hilo, na mimi tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia habari zake.

Asili yake ni bonde la Amazoni, Amerika ya Kusini. Lilitoka huko kwa ajili ya uzuri wake. Katika karne ya 19 wapenda bustani walilieneza Marekani, Misri na Asia, wakalipandia vidimbwi vyao. Tanzania lilionekana Mto Sigi, mkoani Tanga, mwaka 1955, kisha Mto Pangani mwaka 1959. Ziwa Victoria lilifika mwishoni mwa miaka ya 1980, likishushwa na Mto Kagera kutoka upande wa Rwanda. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika hekta zinazokaribia 20,000 za ziwa. Meli zilikwama Kisumu, mitambo ya umeme ya Owen Falls kule Jinja ikasumbuliwa, na wavuvi wa Ukerewe na visiwa vingine wakashindwa kutoa mitumbwi. Mama mkwe wa wifi, kule Lamadi, anaukumbuka wakati huo vizuri: samaki wako majini, na njia ya kuwaendea haipo.

Ziwa lilipata watetezi. Kuanzia mwaka 1995 Tanzania na Uganda zilifungulia ziwani fukusi wadogo wenye asili ya Amerika ya Kusini, ambao hutafuna majani ya gugu maji na watoto wao hutoboa vikonyo. Kenya ikafuata mwaka 1997. Miaka michache baadaye gugu lilipungua sana, ingawa halijaisha hadi leo. Hapo ndipo siri ya mmea huu ilipo. Kwao Amazoni una maadui wanaoukula tangu kale, nao unakaa kwa adabu. Ukiupeleka mahali padogo pasipo na adui, unatawala. Ndivyo ilivyokuwa Hawaii, Azores na Réunion, ambako ua jingine la bustani, la jamii ya tangawizi kutoka milima ya Himalaya, limetoroka nyuani na kufunika sakafu ya misitu ya visiwa hivyo. Lambo letu ni mahali padogo kuliko kisiwa chochote, na hakuna serikali wala mradi utakaolifugia fukusi. Lambo lina sisi tu.

Wifi alipopata habari kwa simu alilia. Akaja na wanawe, na begani amebeba kipande cha wavu mkuukuu. Hakuna aliyemlaumu, mama mkwe alimkumbatia akamwambia, "Mwanangu, ulileta zawadi." Majirani wakaja kama wajavyo kwenye msiba, na reki, toroli na kamba. Vijana waliingia majini wakauzungusha wavu, wazee wakauvuta kutoka ukingoni, na zulia lile likawa linakatika vipande vizito vinavyodondosha maji meusi. Tuliyaanika juu kabisa ya mteremko, mbali na mkondo wowote, kwa kuwa kipande kimoja kikirudi majini kazi yote imepotea. Mama mkwe alichemsha michembe kwa karanga, watu wakala wamesimama. Rundo lililokuwa refu kumpita mtu lilikauka likabaki takataka nyepesi, tukalichoma.

Kiangazi kikaja, lambo likapungua, tope likapasuka. Tukashukuru kwamba jua limemaliza tulichokiacha. Mvua za kwanza zilipolowesha tope, mwanangu wa kwanza aliniita: "Mama, yapo tena, lakini madogo." Ilikuwa miche myembamba, mingi kama mtama uliomwagika. Ua lile la zambarau likishanyauka, shina lake hupinda na kuzamisha kichwa majini, likamwaga mbegu chini. Na mbegu hizo zinaweza kukaa kwenye tope zaidi ya miaka 15 zikisubiri maji. Wakati tunalisifu shada pale ukingoni, lilikuwa linapanda.

Tangu hapo kaya yetu ina kazi mpya katika ratiba yake. Mvua zikianza, watoto wanazunguka ukingo wa lambo kabla ya kwenda shule, na wanachokiona chenye kikonyo kilichovimba wanaking'oa na mizizi, hawakisubiri kitoe ua. Kila msimu vinapungua. Mjukuu mdogo aliyezaliwa juzi atakapokuwa anachunga, huenda naye bado atakuwa anaokota kimoja kimoja, na atafundishwa kufanya hivyo kama anavyofundishwa kukama.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Maswa, Bariadi, Itilima na Meatu, na kila mwenye lambo: ua la majini likija kwako kwa ndoo, usilikaribishe, hata aliyelileta awe kipenzi chako. Liweke juani likauke, kisha mkaribishe mgeni chai. Na ukiliona lambo la jirani limeota hata jani moja, usimwachie peke yake. Maji yake yakijaa yanashuka kwenye bonde lako, na mikono michache wiki hii inatosha kazi ambayo mwakani itashinda kijiji kizima.