Kurasa Zilizofungia Karanga

Kaunta buku la kwanza lilinunuliwa kwa ajili ya umeme. Mwaka 2011 nchi ilikuwa kwenye mgao, na nyumba yetu ya Magomeni, yenye ukumbi mrefu katikati na familia tatu zinazotumia mita moja, haikukosa maneno. Nani kanunua Luku mara ya mwisho? Nani kapiga pasi usiku kucha? Nani kaacha jokofu wazi? Nikaona dawa ni kuandika. Namba ya Luku ina tarakimu 20, na ukikosea moja tu mita inaikataa, kwa hiyo niliinakili yote, nikaweka tarehe, nikaweka na jina la aliyetoa pesa. Maneno yakapungua.

Lakini chini ya namba ilibaki nafasi, nikaanza kuijaza. Gunia la mkaa limeletwa, nusu yake vumbi. Mama mkwe kaenda kliniki ya presha. Mvua imenyesha saa nane mchana, haikufika robo saa. Buku likajaa, nikanunua jingine. Kufikia mwaka 2019 yalikuwa yamepangwa ndani ya boksi la sabuni chini ya kitanda, na mimi nilikuwa nimejifunza kuandika kwa namna ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha.

La kwanza nililojifunza ni kwamba hisia hazikai kwenye karatasi. Nilipofungua kurasa za mwanzo nilikuta “leo nimeumia sana moyoni” na “siku mbaya”, wala sikukumbuka kilichoniumiza. Ukurasa uliofuata ulisema: “Wali umeungua, shemeji kaondoka bila kula, viatu vyake kavaa nje ya geti.” Hapo siku nzima ilirudi, na harufu yake, na maumivu yake yote. Tangu hapo niliacha kuandika nilivyojisikia nikawa naandika kilichotokea, na hisia zenyewe zikaja bila kuitwa. La pili ni kutaja msemaji. Ukiandika “wanasema”, baada ya mwaka uvumi unasomeka kama ushahidi.

Mama mkwe hakuipenda kazi hii. Alikuwa akinikuta mezani usiku, anavuta kiti. “Mama watoto, nani atakuja kusoma habari za sufuria?”

Nilimjibu kwa habari za Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Enzi hizo mabinti wa kasri walifundishwa kusoma, kuandika hawakufundishwa. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baadaye alihamia Ujerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 kumbukumbu zake zikachapishwa kwa Kijerumani. Aliziandikia watoto wake, waliokua mbali na kwao kwa mama yao. Ndiyo maana leo tunajua mambo ya ndani ya nyumba ile: walivyokula, walivyovaa, walivyolea watoto, walivyouguza wagonjwa. Kuna na yule Mwingereza, Samuel Pepys, aliyeandika shajara kuanzia Januari 1660 hadi Mei 1669. London ilipoungua mwaka 1666, alichimba shimo bustanini akafukia mvinyo na jibini yake ya Parmesan, kisha akaandika hivyo hivyo. Wasomi wana taarifa nyingi za moto ule, lakini jibini ile ndiyo inayomfanya msomaji aone mtu mwenye hofu, akichagua cha kuokoa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. “Hao walikuwa watu wa kasri na watu wa serikali,” akasema. “Sisi tuna sufuria.” Akaenda kulala.

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na mtaani kwetu karatasi ikapanda cheo ghafla. Muuza vitumbua, muuza mihogo, kijana wa karanga anayekaa na sinia lake kona ya msikiti, wote walitafuta madaftari ya zamani na magazeti. Idi el Fitri ikaangukia wiki hiyo hiyo. Mwenye kuijua nyumba ya Kiswahili siku mbili kabla ya Idi anajua inavyokuwa: makochi yako uani, mapazia yako kwenye beseni, kila kilicho chini ya kitanda kinaburutwa nje kihesabiwe kama kina faida. Mimi nilikuwa Kariakoo natafuta nguo za watoto. Mpwa wa mume wangu aliuliza, boksi hili vipi? Mama akaangalia, akaona karatasi zilizoandikwa pande zote mbili, zisizoweza kuandikwa tena. Karatasi ya namna hiyo kwake ilikuwa imemaliza kazi. Wakati huo huo kijana wa karanga alikuwa anapita akiomba makaratasi. Alipewa kwa nia njema kabisa, ndani ya mwezi mtukufu.

Aliyegundua ni binti yangu wa mwisho. Baada ya futari alirudi kutoka dukani akitafuna, karatasi imesokotwa mkononi. “Mama, mbona huu mwandiko ni wako?” Nilichukua ile karatasi. Juu kulikuwa na namba ya Luku ya mwaka 2014. Chini yake: “Binti kaota jino la kwanza, la chini kushoto, kamng'ata bibi yake.” Yule binti ndiye aliyekuwa amesimama mbele yangu na karanga mdomoni.

Nilitoka na kanga ya kichwani tu. Kijana wa karanga aliponiona alisimama. “Shikamoo mama.” Nikamwonyesha karatasi. Akashika kichwa. Alikuwa ameuza tangu alasiri, na siku za kufunga watu hununua karanga kwa wingi usiku. Nyingine alimgawia mwenzake wa kashata, nyingine mama wa mihogo. Majalada aliyatupa kwa sababu ni magumu hayakunjiki. Alichobakiwa nacho alinipa chote, akakataa fidia, na usiku ule alifunga sinia lake akazunguka na mimi na mpwa wetu tukiwa na tochi za simu, tukiokota kwenye mitaro na chini ya mabenchi. Mama mkwe alibaki barazani. Hakusema neno mpaka tuliporudi.

Kisha kurasa zikaanza kurudi zenyewe.

Idi mosi, jioni, jirani wa nyumba ya tatu aliingia bila hodi. “Umeniandika,” akasema, akaiweka karatasi mezani. Ilikuwa imelowa mafuta kiasi cha kuonyesha upande wa pili. Nilisoma kwa sauti, maana aliniamuru nisome: sufuria kubwa imerudi, mfuniko haukurudi. “Mfuniko nilikuletea!” Nikageuza ukurasa. Upande wa pili, siku kadhaa baadaye: mfuniko umerudi, kaleta na sahani ya visheti. Alitulia. Akaichukua karatasi, akarudi upande wa kwanza, na mimi nikaona anasoma mistari iliyofuata habari ya sufuria, kwamba ilikuwa arobaini ya mama yake, kwamba pilau ilitosha na watu wa kutoka Bagamoyo wakapata, kwamba dua ilipofika kwenye jina la marehemu yeye alishikwa mkono na dada yake. “Hii tarehe ni ya kweli?” akauliza. Nikamwambia niliandika usiku ule ule. Kumbe yeye na kaka zake hubishana kila mwaka siku ya kumsomea mama yao hitma, hakuna mwenye hakika. Aliniomba ule ukurasa. Nilimpa, na hadi leo anao ndani ya Kurani yake.

Wengine waliokuja nitawapita. Shemeji mmoja alikuta deni lake la shilingi elfu kumi akalilipa pale pale. Watoto wa mtaa walikuwa wakishindana nani kapata karanga zenye hadithi.

Lakini karatasi moja ilisomwa kwenye baraza la kahawa. Ilikuwa inamhusu binti wa mpangaji wetu, aliyeikataa posa ya kijana wa familia inayoheshimika, na sababu aliyonipa mimi peke yangu, jikoni, akilia. Wanaume waliisoma, wakaicheka, kufikia Isha imefika kwa wazee wa yule kijana. Binti alikuja kwangu siku ya pili ya Idi. Hakugomba. “Mama,” aliniambia, “nilikuambia wewe. Sikuliambia daftari.” Sikuwa na la kumjibu, na mpaka ninapoandika haya sina. Alivumilia maneno ya mtaa miezi mingi. Kwa hiyo ninaposema kuandika maisha ya nyumbani ni jambo jema, nasema nikiwa na sura yake mbele yangu. Maisha yako hayana ukurasa ambao ni wako peke yako. Kila mstari kuna mtu mwingine ameketi ndani yake, na yeye hakuulizwa. Siku hizi siri ya mtu naiacha pale aliponiambia.

Mama mkwe ndiye aliyezishughulikia kurasa. Alitandika mkeka ukumbini, akapanga karatasi juu yake, akazinyunyizia poda ya mtoto inyonye mafuta, akaacha usiku, asubuhi akapangusa kwa pamba. Miwani yake ilikuwa ya kusomea gazeti, akalazimika kusogea karibu. Hivyo ndivyo alivyoanza kusoma, akizipanga kwa tarehe. Nilimsikia akiguna, akicheka peke yake, mara nyingine akinyamaza muda mrefu. Asubuhi moja aliniita.

Alikuwa ameshika ukurasa wa Desemba 2011. Siku chache baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, Dar es Salaam ilipigwa na mvua ambayo wazee walisema hawajaiona. Ilianza tarehe 20, bonde la Msimbazi likajaa, Jangwani ikawa ziwa, watu wakapanda mapaani. Waliotoka bondeni walikimbilia kwa yeyote aliyekuwa juu, na ukumbi wetu ulilala watu mpaka mlangoni. Niliandika kwa mwanga wa mshumaa, kwa penseli, kalamu sikuiona. “Usiku wa kuamkia tarehe 21. Saa tisa na nusu. Binti mgeni kajifungua ukumbini, mtoto wa kike. Mama kamzalisha. Maji ya moto tumechemsha kwa kuni za meza ya uani. Mtoto kalia mara moja, kisha watu wote ukumbini wakaitikia.”

Yule binti na watu wake baadaye walikuwa miongoni mwa waliopewa viwanja Mabwepande. Kadi ya kliniki ilikwenda na maji, na mtoto alikua akiitwa mtoto wa mafuriko. “Wana habari hii?” Mama akaniuliza. Nikasema hawana. “Basi vaa.”

Mabwepande ni mbali kwa mtu wa presha, daladala juu ya daladala, lakini hakulalamika. Mama wa mtoto alitupokea kwa vifijo, akatuandalia chai. Mama mkwe aliutoa ukurasa kwenye bahasha akaukabidhi kwa mikono miwili. Yule mama aliusoma mara mbili, akamwita bintiye kutoka uani, akamsomea: siku, saa, nani alimpokea, nani aliitikia. Mtoto aliuliza jambo moja tu, kama kweli meza ilichomwa kwa ajili yake.

Njiani kurudi, kwenye foleni ya Mwenge, Mama alinieleza jambo ambalo mume wangu mwenyewe hakuwa analijua vizuri. Baada ya mume wangu walizaliwa wawili, wote wakafariki wadogo. Mmoja alikwenda siku zile vijana wanapakiwa kwenye magari kwenda vita vya Kagera. Mwingine ni mwaka wa foleni za sukari na unga wa yanga. “Siku siijui,” alisema. “Mwezi siujui. Nikitaka kuwaombea naomba tu.” Kisha: “Tukifika, lete hilo daftari lako jipya.”

Usiku ule alisema, mimi nikaandika. Majina yao, walivyofanana, nani alikuwa na alama ya kuzaliwa begani, mvua ilikuwa ya vuli au ya masika, nani alichimba kaburi. Kwa kuunganisha hayo tulipata miaka, na kwa mmoja tukapata mwezi. Siku hatukuipata. Sasa kila baada ya Isha huvuta kile kiti chake, na akiona nimechelewa kukaa mezani ananiita mwenyewe. Kurasa nyingi za miaka ile hazikurudi na hazitarudi.

Wewe unayesoma haya, kama una mzazi, bibi au babu nyumbani, mfuate leo kabla hajalala. Muulize mambo madogo: kilipikwa nini, mvua ilikuwa ya namna gani, nani alikuwepo. Andika tarehe juu, andika jina la msemaji, alichokuambia kwa siri usikiandike. Kisha mwonyeshe kila mtu wa nyumba hiyo, hasa wanaofanya usafi wa Idi na Krismasi, daftari linakaa wapi.