Friji Tekani

Upana wa vyumba vya nyumba zetu za mawe hapa Lamu uliamuliwa na mkoko. Boriti zake ndizo hubeba dari ya mawe na chokaa, na haziwezi kuvuka zaidi ya mita 3 hivi. Mke wangu alipotaka kitanda cha futi sita kwa sita, kitanda kilienea, kabati likaenea, sisi ndio tukakosa pa kupita.

Marehemu ami aliwahi kuutia ukuta wa ukumbi wa msana usasa kwa kuupiga saruji. Matumbawe yana chumvi na hunywa maji. Chokaa huyaacha yapumue, saruji huyaziba pumzi. Kila masika plasta huvimba ikaanguka, aghalabu tukiwa na wageni. Fundi mzee aliugonga kwa kidole, akatega sikio kama daktari. “Mwanangu, huyu mgonjwa. Tumvue koti.”

Kwenye zidaka za ukutani, walikopanga wazee bakuli za China, nimeweka kifaa cha intaneti. Kinawaka vizuri sana. Ila kuta za karibu nusu mita hazipitishi kitu. Mwenye ujumbe wa kutuma hutoka kiwandani, yaani uani.

Ghorofa ya nyongeza tuliiombea kibali, maana mji mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na dirisha la alumini la kuteleza si urithi wa mtu.

Kisha ikaja friji ya milango miwili. Kichochoroni mkokoteni ulikutana na punda waliobeba mchanga wetu wenyewe. Punda wa Lamu harudi nyuma. Friji ndiyo iliyorudi, mpaka mbele ya msikiti, hamali wakitukana kimoyomoyo kwa sababu ya adhana.

Nyumba njema si mlango, wanasema, na kweli mlango wa nje uliipokea bila taabu. Tekani, kiingilio cha ndani ya mlango, ndipo penye kona, iliyojengwa makusudi mpita njia asichungulie ndani. Kona haikubagua: friji nayo ikahesabiwa mpita njia.

Fundi akashauri tuibomoe. Mama akamwambia basi aanze na yeye.

Friji ikabaki tekani, na wazee wa barazani wakajua ilipo. Baada ya Alasiri hubisha hodi: mmoja hutanguliza salamu, wa pili huulizia afya ya mama, wa tatu huuliza kama barafu imeshika.