Mjomba, Shamba Usiuze Kwanza

Mjomba, ujumbe wako wa sauti umenifikia, nikausikiliza ndani ya basi la kwenda kazini, mpaka abiria wa pembeni akadhani nimefiwa. Umesema kijana wa kijiweni amekuonyesha kwenye simu kipande cha karatasi chenye picha ya Michael Jordan kilichouzwa Marekani kwa dola 738,000. Kwamba mimi naishi hukuhuku Chicago, mji wa Jordan mwenyewe. Na kwamba umeshapata mteja wa shamba la machungwa la Muheza ili unitumie mtaji. Nakuomba, huyo mteja mwambie unaumwa mgongo. Nikueleze kwanza.

Alichokuonyesha si uongo. Kadi mbili za namna hiyo ziliuzwa kwenye mnada Januari 2021, kila moja kwa bei hiyo, yaani zaidi ya shilingi bilioni moja na nusu za kwetu. Na ni karatasi kweli, upana inchi mbili na nusu, urefu tatu na nusu. Kampuni ya Fleer iliitoa msimu wa 1986, kwenye seti ya kadi 132 za wachezaji wa kikapu zilizopangwa kwa alfabeti, ndiyo maana Jordan akaangukia namba 57 bila upendeleo wowote. Humohumo yumo Olajuwon wa Nigeria, jina lake likiandikwa Akeem, kabla hajalirudishia H yake ya mwanzo. Pakiti moja ilikuwa na kadi 12, stika na kipande cha bablishi. Wakati ule kadi za kikapu hazikuwa na wa kuzigombea. Topps, wakubwa wa biashara hiyo, walikuwa wameshaziacha baada ya msimu wa 1981.

Utauliza: karatasi iliyochapwa kwa wingi hivyo inakuwaje mali? Ni utundu wa watoto, Mjomba. Kadi hizi zilitengenezwa zichezewe, nao walizichezea haswa. Walizibana kwenye spoku ili baiskeli ingurume, walizifunga kwa mipira mpaka zikakatika kingo, walizisahau kwenye mifuko ya suruali zikafuliwa. Mwaka 1969 Topps walitoa kadi ndefu kupita kawaida, naona kwa heshima ya urefu wa wachezaji wenyewe, na pembe zake zikajikunja upesi. Mwaka 1980 wakatoa kadi yenye watu watatu, mmojawapo Larry Bird, mwingine Magic Johnson, katikati yao Julius Erving, ikiwa imetobolewa mistari ya vitundu ili mtoto aichane apate tatu ndogo. Watoto wakachana. Leo iliyo nzima inatafutwa kwa tochi, na anayeshika kipande cha Magic peke yake anapewa pole.

Walichobakiza watoto kilimaliziwa na mama zao. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kila mzee wa kiume ana hadithi ileile: alikuwa na Bill Russell wa Topps wa 1957, akaenda jeshini, aliporudi mama ameshafanya usafi. Wakiisimulia hawacheki. Mmoja wao majina ya wanawe yanampotea, lakini rangi ya boksi alilohifadhia kadi anaikumbuka. Nimeanza kuamini kwamba hakuna mtu aliyeharibu utajiri wa nchi hii kuliko kina mama wenye ufagio.

Sasa ile iliyonusurika haiuzwi hivihivi. Inafanyishwa mtihani. Wana baraza lao la mitihani, NECTA yao, linaitwa PSA, liko California, lilianza 1991. Mtahiniwa anapelekwa kwa posta akiwa amevalishwa plastiki, ada imeshalipwa, na mwenye kadi anabaki nyumbani akihesabu miezi. Wasahihishaji wanakagua pembe, kingo, uso, na kama picha imekaa sawasawa katikati ya fremu. Matokeo ni kuanzia 1 mpaka 10, na kadi inafungiwa ndani ya kasha gumu lenye alama yake, hapo hata mwenyewe haigusi tena. Machi 2021 watahiniwa walifurika mpaka PSA wakafunga dirisha la ada nafuu. Na kuna jambo moja linanikera kila nikilifikiria: kadi ikifaulu sana wanakudai ada zaidi, kwa kuwa sasa ni mali kubwa. Hata NECTA, pamoja na yote tunayowalalamikia, hawajamwambia mzazi wa mwenye daraja la kwanza aongeze pesa.

Hiyo ya kijana wako ilikuwa na 10. Ikipata 9, bei inaanguka mpaka karibu sehemu moja ya kumi. Nimeziona zote mbili zimewekwa sambamba, nikainama, nikakunja uso nionekane mjuzi. Mjomba, ni kadi moja. Tofauti ni rangi kumenyeka kidogo sana kwenye ukingo, mahali ambapo wewe na miwani yako mtabishana.

Na Jordan huyu anaghushiwa sana. Wajuzi wanatembea na lenzi ya fundi saa mfukoni, wanachungulia vitone vya wino. Za kughushi mara nyingi vitone vyake vimevurugika. Kwa hiyo kijana akikuletea moja ya bei poa kutoka mtandaoni, mpe chai, umsindikize.

Halafu kuna ambalo hakukuonyesha. Januari ile ya 2021 Wamarekani walikuwa wamefungiwa ndani na korona, serikali imewagawia hundi, na filamu ya Jordan, The Last Dance, ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia. Watu wazima wakaurudia utoto wao, safari hii wakiwa na pesa. Wazimu ulifika mahali maduka ya Target, Mei 2021, yakaacha kuuza kadi kwa muda, baada ya watu kugombana kwenye maegesho huko Wisconsin na mmoja kutoa bastola. Kufikia 2022 Jordan mwenye 10 alikuwa anauzwa kwenye dola 200,000 hivi. Aliyemnunua kwa 738,000 bado ana kadi nzuri sana, na nadhani anaitazama mara chache. Michungwa yako bei ikishuka msimu huu, mwakani inazaa tena. Tena hata ukiuza kadi kwa faida, mwenye mnada anakata chake, kisha serikali kuu inaweza kuchukua hadi asilimia 28 ya faida hiyo, maana vitu vya kukusanya wamevitengea kiwango chake.

Sisemi hakuna wanaopata. Agosti 2025 kadi moja yenye saini za Jordan na Kobe Bryant, pamoja na nembo zilizokatwa kwenye jezi zao, iliuzwa kwa dola milioni 12.9. Za kwetu ni zaidi ya bilioni 30. Lakini iko moja tu duniani, na hata hiyo matajiri watatu walichangishana. Muheza nzima tukifanya harambee hatufiki.

Umeniuliza pia kuhusu watu wetu, kama hatuna kadi. Tunaye Hasheem Thabeet. Mwaka 2009, siku timu za ligi ya kikapu zilipochagua wachezaji wapya, Memphis walimchukua wa pili katika Marekani yote, mtoto wa Dar es Salaam, na wa saba siku hiyo alikuwa Stephen Curry. Kadi zao za mwaka wa kwanza zimo kwenye seti zilezile, karatasi ileile, wino uleule. Ya Curry yenye alama nzuri inafika maelfu ya dola. Ya Thabeet nimeinunua kwa pesa ya kikombe cha kahawa, na muuzaji akanirudishia chenji. Naiweka mezani. Wageni wa Kitanzania wakija wanaichukua, wanaigeuza nyuma, wanasoma urefu wake kwa sauti.

Ninayeishi naye ni Mkongo wa Bukavu, na yeye ana albamu nzima ya Dikembe Mutombo. Mutombo aliingia ligi 1991, miaka ambayo kampuni zilichapa kadi bila breki kwa sababu kila mtu alishasikia kwamba kadi ni utajiri na kila mtu akawa anaweka. Zikawekwa zote. Kwa hiyo hazina bei, na hazitakuwa nayo hata wajukuu wa wajukuu wakizeeka. Mwenzangu hilo analijua, naye anaongeza tu, hasa tangu Mutombo afariki Septemba 2024. Ukimwambia hazina thamani anakuuliza wewe umejenga hospitali ngapi Kinshasa.

Majuzi amenipeleka Rosemont, karibu na uwanja wa ndege wa O'Hare, kwenye maonyesho makubwa ya wakusanyaji. Ukumbi mkubwa umejaa wanaume wenye mabegi ya magurudumu, hakuna anayetabasamu, kila mtu anatazama simu kuangalia bei. Kwenye meza moja mwenzangu aliweka albamu chini ili atoe pochi. Muuzaji, mzee mwenye kofia ya Denver, akaifungua, akapekua, akasema atampa dola 20 kwa zote. Mkongo hakujibu. Akainua kidole cha shahada na kukitikisa polepole kushoto na kulia, vilevile Mutombo alivyokuwa akiwafanyia waliothubutu kurusha mpira mbele yake. Yule mzee alicheka mpaka akakaa. Kisha akainama chini ya meza, akatoa boksi la viatu limejaa Mutombo tupu, akampa lote bure, akashukuru kwamba amepata nafasi ya kuweka miguu.

Tulirudi nalo kwenye treni tukipokezana, ni zito. Msalimie shangazi, na mteja wa shamba akipiga tena, mgongo bado.

Mpwa wako, Chicago