Namna ya Kupata Lita 2 kwa Ng'ombe wa Lita 20

Kumkamua ng'ombe wa kisasa lita 20 kwa siku hakuhitaji ufundi. Kila afisa mifugo anajua inavyofanyika, na kila semina ina kijitabu chake chenye picha. Ufundi ni kumchukua ng'ombe huyohuyo, mwenye umbo zuri na kiwele cha kujivunia, ukamshusha taratibu mpaka lita 2 naye bado anapumua. Sisi tunaofugia vihambani, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kazi hii tumeimudu siku nyingi, na elimu haifai kufichwa. Kijana anayerudi kutoka mjini na wazo la kufuga, na hela kidogo mfukoni, na asome hapa.

Anza kwa kununua rangi. Akiwa na mabaka meusi na meupe, huyo ni Friziani, mambo yamekwisha. Usiulize mama yake alikuwa akitoa kiasi gani, maana utaonekana unamchunguza mtu ukoo wake. Muuzaji akikuambia "huyu ni wa lita ishirini, mzee," mwamini. Usiombe kukaa hadi jioni umwone akikamuliwa, halafu urudi tena alfajiri umwone mara ya pili. Ukikuta kiwele kimejaa mpaka kinang'aa na chuchu zimetanuka kwa pembeni, furahi na uhesabu hela. Wapo wakorofi watakaouliza alikamuliwa lini mara ya mwisho. Usiongozane nao mnadani.

Baada ya hapo gawa madaraka. Ng'ombe awe wa mtoto aliyeko Dar es Salaam kwa sababu ndiye aliyetoa hela, awe wa baba kwa sababu zizi liko kwenye kihamba cha baba, na awe wa mama kwa sababu ya kazi. Mtoto ndiye atakayeamua kama anauzwa. Baba ataamua kama daktari aitwe. Mama ataamua aamke saa kumi au saa kumi na moja. Ukiyapanga hivi tangu mwanzo, hata ng'ombe akiwa bora kiasi gani, anayemwona kila siku hana uamuzi na mwenye uamuzi hamwoni. Taarifa zipite kwenye simu ya Jumapili baada ya ibada:

"Shikamoo mama. Ng'ombe wetu anaendeleaje?"

"Marahaba baba. Yupo."

"Anatoa kiasi gani siku hizi?"

"Si haba."

Si haba ni kipimo kinachotosheleza. Hakishuki, hakipandi, na hakihitaji daftari.

Tuje kwenye maji, na hapa naomba utulie, kwa sababu hakuna mahali pengine penye faida ya haraka kama hapa. Maziwa karibu asilimia 87 ni maji. Ng'ombe anayekamuliwa vizuri anaweza kunywa lita 60 hadi 100 kwa siku, na kiangazi zaidi. Wewe mpe ndoo mbili: moja asubuhi, moja jioni, za lita 20, ambazo njiani zimemwagika zikabaki 18. Hesabu hiyo pekee itakupunguzia maziwa bila kugusa kitu kingine chochote. Mfereji waliouchimba mababu kutoka korongoni unapita nyuma ya mgomba wa tatu, na bomba la mradi liko kwa jirani, lakini maji ya ng'ombe ni mila yaje kichwani mwa mwanamke. Usinunue mpira wa kuyaleta mpaka kwenye hori. Mtoto wa Dar akituma hela ya kitu cha maana, iende kwenye geti. Geti linaonekana na wageni wa Desemba, na hori lenye maji muda wote nani ataliona zaidi ya ng'ombe?

Chakula nacho kina taratibu zake. Msingi uwe mgomba: gogo lililokatwa baada ya kuvuna ndizi, likakatwakatwa vipande na kumwagwa mbele yake. Nalo sehemu kubwa ni maji, lakini usilihesabie kwenye yale ya ndoo. Juu yake weka mabua ya mahindi kutoka shamba la tambarare, marefu kama yalivyo, bila kuyapitisha kwenye panga wala mashine. Ng'ombe atachambua majani mawili matatu, mengine atayakanyaga, na wewe utawaambia watu kwamba ng'ombe wa siku hizi wanachagua. Pumba mpe kwa kopo la rangi, na ujazo utegemee hali ya mfuko wala usitegemee anachotoa. Mashudu ya alizeti mwonjeshe wiki ile aliyozaa, ili ajue yapo duniani. Miti ya lukina uliyopewa bure kwenye semina ipande mpakani, halafu iache ikue mpaka ifae kwa kuni.

Kuhusu banda sina mengi. Sakafu iwe tope. Ng'ombe akikosa pa kulala atasimama usiku kucha, na aliyesimama usiku kucha hacheui kwa raha wala kiwele hakipati damu ya kutosha. Kingine kitakachomfikia kupitia tope hilo ni ugonjwa wa kiwele, ambao unaweza kuua chuchu moja moja, ukabaki na ng'ombe wa chuchu tatu na maelezo marefu.

Kwenye ukamuaji, kanuni ni kubadilisha. Leo saa kumi na moja alfajiri, kesho saa mbili kwa sababu kulikuwa na msiba. Leo mama, kesho kijana wa jirani, keshokutwa shemeji aliyekuja likizo anayetaka kupigwa picha. Ng'ombe akishaoshwa kiwele kwa maji ya vuguvugu na kutulia, mwili wake hutoa homoni inayoyashusha maziwa, na kazi yake hudumu dakika chache tu, tano hadi nane hivi. Dakika hizo ndizo za kupokea simu. Ongea kwa kirefu, ulizia hali ya watoto na biashara. Ukirudi utakuta ameyazuia, nawe mpige kofi la ubavuni na kumfokea, ili hofu imalizie kazi. Yaliyobaki ndani yana faida yake: kiwele kinachobakishiwa maziwa kila siku hupokea ujumbe kwamba hayahitajiki, na kesho hutengeneza pungufu. Ng'ombe, tofauti na mtoto wa Dar, hupokea ujumbe mara moja.

Matone ya kwanza usiyakamulie kwenye kikombe cheusi kuangalia kama yana mabonge. Ukiangalia utayaona, na ukiyaona itabidi umwite daktari, na ili umwite daktari itabidi umtafute baba, ambaye muda huo yuko kwenye mbege. Daktari akija akadunga sindano, ile karatasi inayosema maziwa yasiuzwe kwa siku kadhaa tumia kuwashia moto. Mnunuzi wa maziwa naye ana kipimo chake cha kuzamisha kwenye ndoo, ambacho hutambua maji yaliyoongezwa lakini dawa hakiioni. Hapo utashangaa: maji yale aliyonyimwa ng'ombe asubuhi ndiyo yatakayotafutwa jioni ili ndoo ijae.

Ndama apewe dang'a, ila baada ya watu. Maziwa yale ya kwanza yana kinga ambayo ndama hazaliwi nayo, na utumbo wake huipokea vizuri katika saa chache za mwanzo, basi wewe ngoja jirani wote waonje. Kama ng'ombe ulimpata kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, uliotapakaa sana huku kwetu, mtamba wa kwanza ni deni, anakwenda kwa mwenzako. Mpeleke akiwa mbavu zinahesabika. Akiwa dume, mpe jina la Krismasi.

Magonjwa yanataka busara. Kwa kuwa ng'ombe wako hatoki bandani, jiambie kwamba kupe hawezi kupanda mlima. Ni kweli hawezi, hupandishwa. Mama akishuka tambarare kukata majani, kupe hukaa ndani ya mzigo, hubebwa kichwani kilomita zote hizo za mteremko, na hufika mlangoni kwa ng'ombe bila nauli. Huleta ndigana kali, na ng'ombe wa damu ya kizungu haijui kabisa. Chanjo yake ipo, na kwa kawaida mara moja hutosha maisha. Acha. Kuogesha nako acha, dawa inanuka. Asubuhi moja mama ataona tezi limevimba chini ya sikio, ataona masikio yamelala na pua imekauka. Hapo ndipo mgao wa madaraka utakapokulipa. Mama amwambie baba. Baba aseme tungoje hadi jioni tuone. Jioni baba ampigie mtoto, mtoto awe kwenye kikao. Ndigana kali haina vikao, na dawa yake husaidia ikiwahi. Ukicheza vibaya hapa ng'ombe atakufa na lita 2 hutazipata, kwa hiyo chelewa kwa kiasi.

Haya yote yatakupunguzia maziwa, lakini hayatakufikisha. Ng'ombe ni mvumilivu. Unaweza kumnyima maji, kumlaza matopeni, kumfokea, na bado akakung'ang'ania na lita 6. Kinachomaliza kazi ni kupuuza joto, yaani hamu yake ya kutaka dume.

Ng'ombe hukamuliwa kwa sababu amezaa. Akizaa, baada ya miezi miwili au mitatu inafaa apandishwe tena, abebe mimba yake ya siku 280 hivi, aachwe kukamuliwa siku 60 za mwisho apumzike, azae, maziwa yapande upya. Asipopata mimba, hakuna kupanda upya. Yale aliyoanza nayo yatateremka wiki kwa wiki, utamkamua mwaka mzima, utamkamua na mwaka wa pili, na ndani ya mwaka huo wa pili, bila haraka, utaziona lita 2 zako.

Na kupuuza joto ni rahisi, maana hudumu saa 12 hadi 18 tu hivi, na huja kila baada ya siku 21. Angekuwa kundini ungemwona akipanda wenzake na kusimama apandwe. Huyu yuko peke yake bandani. Atakachofanya ni kulia. Atalia usiku, mtaa mzima utamsikia, asubuhi hatakula vizuri, maziwa yatapungua ghafla, na ute angavu unaovutika utaonekana nyuma. Sema ana njaa. Anayejua kanuni angemwona asubuhi akamwita mtaalamu wa kupandisha kwa chupa aje jioni, au angemwona jioni akamwita kesho yake asubuhi. Mbegu haiko mbali: kituo cha taifa cha uhimilishaji kiko Usa River, pale Arusha, na mrija mdogo wa mbegu ya dume bora husafiri ndani ya naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri mpaka kwenye kata yako. Mitambo yote hiyo, barabara yote hiyo, vyote vinaweza kukwama kwa salio la simu la mama. Usimwekee.

Kalenda ya kanisa iko ukutani sebuleni. Usiweke alama juu yake, wala usimpe mtoto wa darasa la tano kazi ya kuhesabu siku, maana ataiweza. Na akilia usiku, geukia ukutani ulale. Atalia tena baada ya siku 21.