Gari Litalala Wapi?

Gari letu la dizeli lilitukatikia Jumamosi moja ya Septemba 2023, pale Dagoretti Corner, likiwa na sufuria tatu za biriani, na watu wa arusi Karen wameshakaa mikekani. Moshi ulitoka mweusi, ukatoka mweupe, kisha haukutoka tena. Mume wangu aliteremka, akafungua boneti, akatazama, akaifunga polepole kama mtu anayemfunika maiti. Biriani ilifika Karen kwa bodaboda tatu, kila sufuria imefungwa kwa leso zangu, nami juu ya bodaboda ya mwisho nimeikumbatia yangu kama mtoto mchanga.

Sisi ni watu wa Mombasa, tumepanga nyumba nyuma ya Adams Arcade, upande wa Woodley. Kila alfajiri mahamri yangu hutoka kwenda Kilimani, Lavington na Kawangware, na Jumatatu na Alhamisi hupanda hadi Ngong. Jumamosi ni biriani za shughuli. Mimi na jiko ni mafiga mawili. Gari ndilo figa la tatu. Likitoka, chungu kinamwagika.

Fundi wetu wa Kirinyaga Road alisema pampu ya dizeli imekwisha, nozeli zimekwisha, na turbo inaelekea huko huko. Bei aliyoitaja ilikuwa karibu nusu ya gari jingine. Basi usiku ule tukaketi mkekani: mimi, mume wangu, binti yetu anayesomea uhandisi wa umeme, na mama mkwe, aliyekuja kutibiwa magoti akakaa mwaka.

Mume wangu alitaka dizeli nyingine, na hoja zake zilikuwa za mtu aliyeendesha miaka ishirini. Dizeli inavuta mzigo mlimani bila kulalamika. Tangi hujaa kwa dakika tano. Spea zake zipo Kirinyaga Road, na kila mji una fundi anayeijua. Tena Mombasa ni kilomita 480 hivi, na gari la dizeli hufika huko kunywa maji ya madafu likarudi na nazi na ukwaju.

"Baba," binti yetu akasema, "Mombasa tunakwenda mara ngapi?"

"Mara mbili kwa mwaka."

"Na Kawangware?"

Hakujibu. Binti alikuwa ameandika kwenye daftari la mapishi yangu, nyuma ya kipimo cha iliki. Siku ya kawaida gari letu huenda kilomita 60 na kusimama mara ishirini na tano. Injini haipati hata nafasi ya kupata joto. Dizeli za siku hizi zina chujio la masizi linalotaka safari ndefu yenye moto lijichome lenyewe. Safari zetu za mlango hadi mlango zingeliziba. Halafu kuna bei. Julai ya mwaka ule ushuru wa VAT kwenye mafuta ulikuwa umepanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kila tarehe 14 nyumba yetu ilikuwa inasubiri tangazo la EPRA la bei za mafuta kama watu wanaosubiri mwezi kuandama. Septemba dizeli Nairobi ikawa shilingi 200.99 kwa lita, na Oktoba ingepanda hadi 205.47. Gari letu lilikwenda kilomita 10 kwa lita. Sita mara mia mbili na moja: zaidi ya shilingi 1,200 kila siku kabla sijauza hamri moja. Gari la umeme, akasema, lingetumia uniti 14 hivi kwa njia hiyo hiyo. Kwa tokeni zetu za nyumbani, kama shilingi 30 uniti, hiyo ni 420.

Mama mkwe alisikiliza yote, tasbihi mkononi. Kisha akauliza maswali mawili.

La kwanza: "Na stima ikipotea?" Hakuuliza bure. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti karibu nchi nzima ilikuwa imelala gizani. Binti akamjibu kwamba hata pampu za kituo cha mafuta huendeshwa na stima. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, akakubali.

La pili: "Na hilo gari litalala wapi?"

Mume wangu akasema, "Pale pale getini, mama." Tukaenda kulala. Hatukujua kwamba swali lenyewe ndilo lile.

Ndugu yangu wa Mombasa huagiza magari kutoka Japani. Alituazima moja kwa wiki: Nissan e-NV200 ya mwaka 2016, kwa kuwa Kenya haikubali gari la zaidi ya miaka minane. Betri yake ilikuwa ya kilowati-saa 24 ilipokuwa mpya. Binti alichomeka kidude chini ya usukani, akasoma kwenye simu: asilimia 81 ya afya iliyobaki. Mimi nilitazama nyuma. Sakafu bapa, mlango wa kuteleza, nafasi ya sinia kumi na mbili. Nililipenda hapo hapo.

Jumatano usiku, mvua za El Niño zimeanza, tukalichaji. Waya wake wa Japani ulikuwa na plagi ya Kijapani. Mume wangu akaikata, akafunga yetu ya miguu mitatu. Waya haukufika getini, basi akachukua ule mrefu wa kuzungushwa kwenye gurudumu, akaupitisha dirishani jikoni, akauchomeka kwenye soketi ya friza kwa plagi ya kugawanya. Alivuta urefu aliouhitaji tu. Uliobaki ukabaki umejikunja kwenye gurudumu, chini ya gunia lisilopitisha maji. Binti alikuwa chuoni usiku ule.

Sasa najua, na nataka kila mtu anayepanga nyumba ajue. Birika la umeme huvuta kilowati mbili au tatu kwa dakika tatu. Gari huvuta kiasi hicho hicho kwa saa saba bila kupumua. Waya uliokunjwa haupati pa kutolea joto lake, hivyo kila mkunjo huupikia mwenzake.

Saa tisa usiku mama mkwe alisimama mlangoni petu. "Kuna kitu kinaungua," akasema, "na si chungu changu."

Mume wangu alitoka mvuani na kikoi, akachomoa. Gurudumu lilikuwa limeyeyuka likawa donge moja jeusi, na soketi ya friza imekuwa rangi ya kahawa. Saketi ya jikoni ilikuwa imejikata, haikukubali kurudi. Ndani ya friza mlikuwa na kilo kumi na tano za mbuzi wa shughuli ya Jumamosi. Alfajiri nikapita kwa majirani wanne, kila fungu nimelibandika jina langu, wakanipokelea bila swali. Nyumba ya kupanga ni majirani, na sijawahi kulisahau jambo hilo tangu asubuhi ile.

Mikono yangu ilitetemeka hadi mchana. Watoto wetu wadogo hulala chumba kinachofuata jiko.

Na ilikuwa Alhamisi, siku ya Ngong, gari lina nusu ya chaji. Binti alirudi na matatu ya kwanza, akaingia kiti cha pembeni mwa baba yake, wakaondoka. Njia ile inapanda karibu yote. Baada ya Karen namba ilikuwa inashuka mbele ya macho yao, nao wakazima kila kitu isipokuwa waipa. Walifika, wakagawa, wakageuka na asilimia kumi na tisa. Mimi nilikuwa kwenye ngazi na fundi wa umeme simu ilipolia.

"Mama watoto!" Ilikuwa sauti niliyoisikia mara ya mwisho siku binti yetu alipozaliwa. "Tunateremka, na chaji inapanda! Ni ishirini na mbili sasa!"

Fundi alinionyesha kosa letu bila kelele. Alisema gari halitakiwi kuchomekwa jikoni kabisa: livutiwe njia yake kutoka kwenye boksi la mita, waya mnene, breka yake, na ardhi ya kweli. Binti akaongeza kwamba tangu Aprili 2023 kulikuwa na bei maalumu ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa uniti, na 8 usiku, kabla ya tozo na kodi. Lakini lazima gari liwe na mita yake. Tulikuwa tumebishania injini mwezi mzima, na kumbe kitu cha kuchagua kwanza kilikuwa ukuta wa kuchomekea. Mpangaji asiye na ukuta huo, leo, anunue dizeli na asione haya. Mwenye nao afanye hesabu yake upya.

Tulimwendea mwenye nyumba sote wanne, mama mkwe akitangulia na bakuli la mahamri na mbaazi. Alikubali mita ya pili, kwa gharama yetu. Tuliisubiri hadi mwaka ukaisha, tukikodi pikapu kila alfajiri. Februari 2024 tukanunua e-NV200 yetu.

Kuna kilichopotea. Nazi na ukwaju huja kwa basi siku hizi, na si vile alivyovichagua mume wangu kwa mkono wake. Gari la zamani lilinunuliwa na kijana anayebeba kabeji kutoka soko la Wakulima, akalitengeneza. Likipita Barabara ya Ngong mume wangu hulitambua kwa mlio, huacha anachofanya hadi mlio upotee.

Ila bei ya usiku huanza saa nne. Saa nne kasoro dakika tano mume wangu huinuka mwenyewe katikati ya taarifa ya habari, huvaa kandambili, hutoka getini. Huunyoosha waya wote chini, hatua kwa hatua, hauachi mkunjo hata mmoja, ndipo huchomeka. Husimama hapo mpaka taa ya kijani iwake. Mama mkwe humngoja dirishani.

"Limelala?"

"Limelala, mama."