Wapweke wa Nairobi Wanakusubiri

Tangu Jumamosi sijakatiza mbele ya kanisa. Nikienda Kamakwa kununua nyama nazungukia nyuma, kwenye tope, kama mtu anayedaiwa. Na bado jana muuza mboga wa pale kona, ambaye hata kikaoni hakuwepo, aliniuliza kwa upole mwingi kama wale akina dada wa Nairobi hawajambo.

Kilikuwa kikao cha kamati ya harusi ya mpwa wangu. Mimi ndiye katibu, na katibu wa siku hizi hasomi bajeti kwenye daftari, anaitandaza ukutani kwa projekta. Nikaichomeka laptopu yangu. Kwa kuwa tulitaka wazee wa viti vya nyuma waisikie video ya maharusi, kijana wa mitambo akaiunganisha pia na spika za kanisa. Spika zile zilinunuliwa kwa harambee mbili, ili Neno liwafikie hata wanaokaa nje chini ya miti.

Tulikuwa tumefika kwenye mbuzi. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu asiyestahimili hesabu za kukisia, alitaka kujua kwa nini mbuzi wamepanda bei tangu kikao kilichopita. Nilifungua kinywa kujibu. Hapo ndipo kwenye kona ya chini ya ukuta, upande wa kulia, kilipochomoza kijisanduku chenye picha ya dada aliyevaa kana kwamba baridi ya Julai ya Nyeri haijawahi kumgusa. Chini yake, kwa Kiingereza chepesi ambacho kila shosho ukumbini alikielewa, iliandikwa: wanawake wapweke wa Nairobi wanakusubiri.

Nikakifunga. Kikaja kingine, dada mwingine, upweke uleule. Nikakifunga hicho nacho, ila safari hii kidole kiliteleza kikabonyeza katikati badala ya pembeni. Ukuta mzima ukawa mwekundu. King'ora kikalia. Kisha mwanamke wa Kiingereza cha puani akautangazia ukumbi, ua na wale walioko chini ya miti kwamba kompyuta hii imekutwa na virusi 1,347, kwamba picha na siri za mwenyewe zinaibwa dakika hii hii, na kwamba mwenyewe asithubutu kuizima bali apige simu nambari ifuatayo. Akimaliza, anaanza upya.

Nilibonyeza kila kitufe kilichokuwepo. Nikachomoa waya wa stima. Betri ya laptopu ile haijawahi kudumu zaidi ya dakika nne tangu niinunue. Siku hiyo iliwaka kama taa za wale wanawali wenye busara. Kijana wa mitambo ndiye aliyetuokoa kwa kuzima spika. Ukumbi ukatulia, na katika utulivu ule shosho mmoja wa mstari wa mbele akauliza, wala si kwa ubaya, "Hao wapweke, huko Nairobi hakuna makanisa?"

"Baba Ciru," mke wangu akasema. Hakuongeza neno.

Mtu mwenye akili angeomba radhi akarudi kwa mbuzi. Mimi nikaamua kueleza.

Nikawaambia ndugu zangu watazame vizuri: pale pameandikwa Nairobi, na mimi naishi Nyeri. Kama ningekuwa nafahamiana na hawa wanawake, si wangejua ninakoishi? Nikaona nyuso zinalegea kidogo, nikapata nguvu. Nikaeleza kwamba kila kompyuta inayoingia kwenye intaneti hubeba anwani ya tarakimu, anwani ya IP, na kwamba anwani hiyo si mali yako. Ni ya kampuni inayokuuzia bando, nayo imegawiwa fungu lake na AFRINIC, shirika la huko Mauritius linalogawa anwani za Afrika nzima. Watangazaji hawakuoni ulipo. Wanachungulia kwenye orodha inayokisia anwani fulani iko mji gani, na kwa kuwa data zetu sisi watu wa simu husafiri mpaka mitambo ya Nairobi kabla ya kutoka kwenda duniani, orodha inatuandika sote wakazi wa huko. Wewe uko Nanyuki unachunga kondoo, mwingine yuko Mwea kwenye mpunga, mwingine yuko Othaya anachuma chai. Kwa mtangazaji, nyote mko Nairobi na nyote mna upweke. Zaidi ya hapo anwani moja hupewa watu wengi kwa zamu au kwa pamoja, kama choo cha ploti. Jambo hili lilinivutia mno nilipolisoma, na nadhani niliongea dakika kumi.

"Kwa hiyo," mke wangu akasema, "kompyuta inadhani unaishi Nairobi."

"Hasa!" nikasema, nikifurahi kwamba kuna mtu ameelewa.

"Na ile Jumanne uliyolala huko, ukasema lori limeanguka Sagana?"

Lori lilikuwa limeanguka. Lakini jaribu kulisema hilo mbele ya ukuta mwekundu. Marehemu Wahome Mutahi alimpa Whispers, mhusika wa safu yake ya gazetini, mke aitwaye Thatcher, nasi tukacheka kila Jumapili tukidhani ni utani. Mwenyekiti akakohoa, akasema turudi kwenye mbuzi.

Jumatatu asubuhi niliipeleka mashine kwa fundi, msichana aliyesomea pale Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, mwenye kimeza ghorofani Kimathi Way. Nilimwomba aniondolee virusi 1,347. Akatafuta kwa robo saa. "Mzee wangu," akasema, "hakuna hata kimoja."

Hakukuwa na virusi. Hakuna kilichovunja wala kuingia kwa dirisha. Nilifungua mlango mwenyewe, nikasema karibuni.

Kivinjari cha siku hizi kina kijilango kilichotengenezwa kwa nia njema, ili gazeti likutumie habari au barua pepe ikubishie hodi. Tovuti inaomba ruhusa mara moja tu. Ukibonyeza Ruhusu, idhini inaandikwa na kuhifadhiwa, na hata ukiufunga ukurasa ule usiufungue tena mpaka kufa kwako, idhini inaweza kubaki. Ujumbe wenyewe hupitia kwenye seva za mwenye kivinjari, ndiyo maana unachomoza ukiwa na sura ya heshima, kwenye kona ileile ambako kompyuta hukuambia betri inaisha. Matapeli waliliona hilo mapema. Wanakuwekea picha ya roboti na mshale: bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Mimi, mtu niliyepigiwa kura kuwa katibu, nilithibitisha kwamba si roboti. Roboti asingebonyeza.

Na yule mwanamke wa king'ora? Ni ukurasa wa kawaida uliojitanua ukafunika skrini nzima, wenye sauti iliyorekodiwa inayojirudia. Hakuwa ameona faili langu hata moja. Hesabu ya 1,347 waliitunga huko huko. Kila atakayebonyeza atasomewa idadi iliyotungwa hivyo hivyo. Kinga yake ni kushikilia kitufe cha Esc mpaka skrini irudi, au kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na kukifunga kivinjari chote kutoka kwenye orodha. Sekunde tatu. Nimezifanyia mazoezi sana tangu Jumatatu, sijui kwa ajili ya harusi ya nani.

"Sasa hii Ruhusu uliibonyeza ukitafuta nini?" fundi akauliza. Nikamwambia ukweli, ingawa najua hauaminiki: nilikuwa natafuta jinsi ya kuifanya kompyuta iende kasi. Ilikuwa imezeeka kwa mwendo, unaiwasha, unachemsha chai, unaipooza, unainywa, ndipo inakuomba neno la siri. Nikapakua programu ya kusafisha. Kabla ya hapo nilikuwa nimeweka antivirasi, na kwa vile moja ni nzuri nikaweka ya pili.

Fundi alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Antivirasi, akanieleza, ni askari wa lango. Kila faili linapofunguliwa analisimamisha alikague, na kulikagua ni kulifungua. Sasa ukiwa na askari wawili, wa kwanza anafungua faili alikague. Wa pili anaona faili limefunguliwa, anakimbia kulikagua. Wa kwanza anashtuka, kuna mtu amegusa faili! Bajeti ya harusi imesimama katikati, mikono juu, inapekuliwa na wote wawili. Tena kila askari hutembea na picha za wezi mfukoni ili awatambue. Mwenzake akimpekua akakuta picha za wezi, anamkamata. Na yule msafishaji niliyempakua ndiye aliyekuwa akiwaka mapema kuliko wote kila asubuhi, akikaa bila kazi kwenye kumbukumbu, akiniambia mashine yako ina uchafu, lipa.

Kumbukumbu yenyewe ni gigabaiti nne. Fikiria mama wa Karatina mwenye kimeza kidogo sokoni na stoo yake nyuma kabisa, kule yanakoshushwa magunia. Kilicho mezani anakuuzia papo hapo. Meza ikijaa, inabidi kijana akimbie stoo kupeleka karoti na kuleta nyanya, na mteja akitaka karoti tena, arudi. Meza ndiyo RAM. Stoo ndiyo diski, na diski yangu ni ile ya kizamani, sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake mkono mwembamba unaoelea pasipo kuigusa, umbali wa nanomita chache tu, ilhali unywele mmoja wa kichwani mwako una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Niliposikia hivyo nilinyamaza kwa heshima. Miaka yote hii kitu hicho kimekuwa kikiruka ndani ya mkoba wangu kwenye matatu, nami nikikitukana kwa uvivu.

Kwa hiyo msafishaji akafutwa, askari mmoja akaachishwa kazi na baadaye wa pili pia, maana Windows ina askari wake wa bure aliyekuwa amesukumwa pembeni. Ruhusa za kivinjari zikafutwa, zilikuwa ishirini na sita. Mashine ikaanza kuwaka kwa muda wa kupika yai. Nilitaka kumkumbatia yule msichana, nikakumbuka hali yangu.

Kisha akasema, kwa sauti ya daktari, "Lakini mzee, hii haitaenda mbali."

Hapa ndipo kicheko kinanikauka. Laptopu yangu ni ile tunayoiita Ex-UK. Ofisi ya watu Uingereza iliitumia, ikaichoka, ikaitupa, ikasafiri baharini kama koti la mitumba, nami nikainunua nikaona nimepata. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa mashine za Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache. Yangu ni ya kizazi cha 6. Haina ufa, haina kutu, inafanya kila ninachoiambia. Imehukumiwa tu. Wenzetu wanazitoa ofisini mwao kwa sababu hiyo hiyo, sisi tunazipokea, na aliyeniuzia hakunitajia lolote. Kisha wataalamu wanatushauri tusisahau kusasisha. Sasisho moja kubwa hula gigabaiti kadhaa, na mimi bando nanunua kwa siku. Ukianza kulipakua, stima inapotea likiwa nusu. Si ajabu mtu anajikuta saa tano za usiku akibonyeza kitu kilichoandikwa bure.

Jioni nilijaribu kumweleza mke wangu kwamba aibu ya kompyuta humpata yeyote, hata serikali. Julai 2023 wavamizi waliojiita Anonymous Sudan waliikwamisha eCitizen, lango lililokuwa na huduma zaidi ya 5,000 wakati huo, kwa kulirundikia maombi ya uongo hadi wenye shida za kweli wakakosa njia. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama serikali nayo ililala Nairobi Jumanne.

Mengine ya wiki hii ni madogo. Flashi ilirudi kutoka saiba ikiwa na faili zote zimefichwa na njia za mkato za uongo zimekaa mahali pake. Paka aliligundua tundu linalotoa hewa moto akalilalia, mashine ikazimika kwa joto. Kijana wangu amepakua mchezo wa bure, na sitaki kujua zaidi.

Fundi anasema ikipata SSD, yaani stoo isiyo na sahani ya kuzunguka, na meza ya pili ya gigabaiti nne, kisha ikawekewa Linux badala ya Windows, itanisukuma miaka kadhaa. Vitu hivyo, anasema, bei yake ni nafuu zaidi Nairobi. Kama wewe msomaji unavyo, RAM ikiwa ya aina ya DDR4, hata vilivyotumika, tafadhali niletee huku Nyeri na nauli yako nitalipa. Mimi siwezi kuvifuata.