Popo wa Magurudumu Mawili: Barua kutoka Berlin kwa Jamaa wa Londiani

Kwa Kogo, yaani nyanya, kwa wazee wa boma, kwa akina mama wanaouza viazi na kabichi pale Londiani Junction, na kwa vijana wote wa steji ya bodaboda.

Baiskeli, kwa jinsi inavyoeleweka katika sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, ni chombo cha mtu anayesubiri kununua pikipiki, na huko Londiani, ambako barabara hupanda kuelekea Mau Summit mpaka malori yenyewe yanapumua kwa shida, ni wachache wanaoiona kuwa kitu cha kutungiwa sheria. Nchini Ujerumani mambo ni kinyume. Baiskeli huhesabiwa kisheria kuwa chombo cha barabarani, nduguye lori aliyezaliwa bila injini, na yeyote anayeiendesha, awe waziri, profesa au mpeleka barua, huwa na wajibu ulioandikwa, hutozwa faini iliyopangiwa kiasi chake na huweza kuitwa kujieleza. Barua hii imekusudiwa kuufafanua wajibu huo, hasa mahali magurudumu yanapokutana na miguu, yaani kwenye kivuko, kwa sababu swali kuhusu wajibu huo liliulizwa kutoka nyumbani na kwa sababu jibu lake, kama itakavyoonekana, linaihusu Londiani kuliko Berlin.

Somo la kwanza la Mkenya anayefika Berlin hutolewa bure, kabla hajapata nyumba wala mwalimu wa Kijerumani. Katika mitaa mingi njia iliyo kando ya barabara imegawanywa mara mbili: sehemu ya vigae vya kijivu ni ya wanaotembea, na ukanda mwembamba wa vigae vyekundu ni wa baiskeli. Mgeni aliyekulia mahali ambapo pembeni mwa barabara ni mali ya pamoja ya mwenda kwa miguu, mbuzi, mchoma mahindi na pikipiki iliyobeba magodoro hawezi kuugundua mpaka huo kwa kuutazama tu, hivyo husimama katikati ya wekundu akiwa na sanduku lake, akitafuta mtandao wa simu, na ndipo anaposikia kengele. Kengele ya baiskeli huko nyumbani hutangaza kwamba maziwa yamefika au kwamba jirani anasalimu. Ya Berlin husoma hukumu. Mwenye kuipiga mara nyingi ni bibi wa makamo ya Kogo, mwenye kofia ngumu kichwani na kikapu cha mboga mbele, ambaye hupita kwa kasi ya mtu aliyechelewa arusi huku akitamka maneno yasiyomo katika kitabu chochote cha lugha. Malezi ya jamii ya Kipsigis humzuia mgeni asimjibu mtu mzima, jambo ambalo ni la heri, kwa kuwa sheria iko upande wa bibi. Hata kengele yenyewe ni sharti: anayekutwa na baiskeli isiyo nayo hutozwa euro 15.

Yafaa ielezwe kwamba mafunzo ya baiskeli huanza mapema. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 8 hutakiwa kuendesha kwenye njia ya waendao kwa miguu au kwenye njia ya baiskeli iliyotengwa na magari, na anapofika mahali pa kuvuka barabara hulazimika kushuka na kuisukuma baiskeli yake; akifika darasa la nne hivi, polisi huja shuleni na kumpa mtihani, naye akifaulu huondoka na cheti. Kwa hiyo mtu mzima wa Londiani, aliyejifunza kwa kupitisha mguu chini ya bomba la fremu kwa kuwa tandiko la baiskeli ya baba lilikuwa juu mno, na ambaye breki yake ya kwanza ilikuwa soli ya kiatu, huishi Berlin akijua kwamba kila mtoto wa miaka 10 anayempita amehitimu, ilhali yeye hajasajiliwa hata kwa mtihani.

Kiini cha jambo, hata hivyo, ni kivuko. Kivuko cha milia, kile ambacho vijana hukiita zebra, kilipewa nguvu kamili nchini Ujerumani Magharibi mwaka 1964, sheria ilipoweka wazi kwamba anayevuka kwa miguu ana haki ya kutangulia. Tangu hapo kila chombo, isipokuwa kile kiendacho juu ya reli, hutakiwa kukikaribia kivuko kwa mwendo wa kadiri na kusimama ikibidi, si pale tu mtu alipokwisha kukanyaga mistari bali hata anapoonekana waziwazi kwamba anataka kuvuka. Dereva wa gari asiyemwachia hulipa euro 80 na kuandikiwa pointi moja ya makosa, istilahi itakayofafanuliwa hapa chini. Wajibu huo huo wa kusimama humwangukia mwendesha baiskeli, ambaye hawezi kujitetea kwamba chombo chake ni chepesi. Tena sheria imemwekea sharti la pili: akitaka yeye mwenyewe kukitumia kivuko na kupata haki ya kutangulia, ashuke na kuisukuma baiskeli, maana anayesukuma huhesabiwa kuwa mwenda kwa miguu, na anayekanyaga pedali hubaki kuwa dereva hata kama amevaa kaptura.

Sharti hilo la pili limelenga ugonjwa unaojulikana dunia nzima. Mwendesha baiskeli ana tabia ya popo wa hadithi, ambaye ndege walipotozwa kodi alionyesha meno na wanyama walipotozwa alionyesha mabawa. Taa ya magari ikiwa ya kijani, yeye ni gari na anadai nafasi yake katikati ya barabara. Ikigeuka nyekundu, ghafla ni mtembea kwa miguu, anapanda ukingo, anakatiza kwenye milia bila kushuka, anateremka upande wa pili na kuwa gari tena, na ukimuuliza atasema hakuvunja sheria yoyote kwa sababu katika kila nukta ya safari yake alikuwa kiumbe mwingine. Wajerumani, ambao sifa yao ya utiifu huvuma mpaka Kipkelion, hufanya hivyo mchana kweupe. Uhodari wao haumo katika kutokosea, na mgeni anayewasifu sana huwa hajawahi kuvuka njia ya baiskeli saa mbili asubuhi, watu wanapoelekea kazini.

Kinachowatofautisha ni kwamba popo huyo ana daftari lake. Mji wa Flensburg, ulioko kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Denmark, una ofisi ya serikali inayotunza rejista ya makosa ya barabarani ya nchi nzima, ambamo kila kosa zito huandikwa kwa pointi, na dereva anayefikisha pointi 8 hupokonywa leseni. Mwendesha baiskeli anayepita taa nyekundu hulipa euro 60, ambazo ni zaidi ya shilingi 8,000, na jina lake hupelekwa Flensburg pamoja na pointi moja, ijapokuwa baiskeli haina leseni. Taa ikiwa imekuwa nyekundu kwa zaidi ya sekunde moja, faini hupanda hadi euro 100. Anayeshika simu mkononi huku akiendesha hulipa euro 55. Anayeendesha baiskeli akiwa na kiwango cha pombe cha gramu 1.6 au zaidi kwa kila kilo ya damu hushtakiwa kwa jinai na hutakiwa kupimwa na madaktari na wanasaikolojia, na kwa njia hiyo huweza kupoteza hata leseni ya gari ambalo usiku ule aliliacha nyumbani kwa busara. Wapenzi wa busaa waisome sentensi hiyo mara mbili. Na kwa kuwa dunia haikosi mzaha, ni Flensburg hiyo hiyo iliyowapokea madereva watano wa basi kutoka Kenya katika mpango wa majaribio, habari iliyotajwa Septemba 2024 wakati Rais Ruto alipokutana mjini Berlin na Scholz, aliyekuwa Kansela, na makubaliano ya ajira yakatiwa saini. Wakenya hao walipelekwa kuendesha basi mlangoni pa daftari la dhambi.

Mwenda kwa miguu naye hakuachwa bila sheria, ingawa mzigo wake ni mwepesi: akivuka taa nyekundu hulipa euro 5 tu. Hulipa pia kwa macho ya watu. Saa tano za usiku, katika mtaa usio na gari wala paka, watu wazima wataonekana wamesimama mbele ya taa wakimngoja yule mtu mdogo mwenye kofia ya pama, aliyechorwa na mwanasaikolojia Karl Peglau huko Berlin Mashariki mwaka 1961, abadilike kutoka mwekundu hadi kijani. Ujerumani ilipoungana tena alikaribia kuondolewa, wananchi wakamtetea, naye amebaki. Mgeni kutoka Londiani husimama pamoja nao, na huongezewa taabu ya kutojua atazame wapi, kwa maana Kenya magari hushika kushoto na hapa hushika kulia, hivyo kanuni ya shule ya msingi ya kutazama kulia kwanza humfanya achunguze kwa makini upande ambao hakuna kinachokuja.

Haitakuwa haki kuficha kwamba zipo sehemu ambazo sheria yenyewe hutatanisha. Mahali penye alama ya mviringo ya buluu inayoonyesha mtu mzima na mtoto wakitembea, na chini yao picha ya baiskeli, njia ni ya wote, na mwenye baiskeli sharti amjali anayetembea na ikibidi aende kwa mwendo wa mtu atembeaye. Lakini mwendo huo ni upi, mahakama hazijakubaliana, nyingine zikisema ni kilomita 7 hivi kwa saa na nyingine zikikubali hata 10. Bibi wa kengele hajui habari ya mojawapo.

Sasa ifikiriwe Londiani. Jioni ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena likielekea Kericho lilikosa mwelekeo pale Londiani Junction na kuyavamia matatu, pikipiki, wauzaji wa kando ya barabara na abiria waliokuwa wakingoja gari, na watu wasiopungua 52 wakapoteza maisha. Hakuna mzaha katika habari hiyo, na haitajwi hapa ili kupamba barua. Inatajwa kwa sababu ushauri unaotolewa kila baada ya ajali ni kwamba anayetembea awe mwangalifu, atazame kulia na kushoto, asivuke ovyo, awashike watoto mkono. Ilhali wengi walioangamia jioni ile hawakuwa wakivuka popote. Walikuwa wamesimama. Uangalifu wa miguu una kikomo, na kikomo hicho hufikiwa mapema sana pale ambapo mwenye magurudumu hakuwekewa chochote cha kumpunguza mwendo.

Vijana wa steji watasema kwamba nao walikuwa miongoni mwa waliogongwa, na ni kweli. Bodaboda ilianza kwa baiskeli kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, Busia na Malaba, zikivusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha, na tangu enzi hiyo mwendeshaji wake amekuwa mnyonge wa barabara mbele ya lori. Lakini mnyonge wa lori ni bwana wa mtoto wa shule, na pikipiki inayopanda ukingo ili kukwepa msongamano, au inayopita katikati ya wanafunzi waliosimamishiwa magari na mwalimu wao, ndiyo popo yule yule aliyeelezwa juu, ila huyu amefungwa injini na amebeba abiria wawili na gunia. Wajerumani wameligawa deni la uangalifu kwa kanuni rahisi: aliye na uzito na mwendo zaidi humlinda aliye na pungufu, kwa hiyo tangu 2020 lori la zaidi ya tani tatu na nusu linapokata kona kulia mjini, mahali ambapo panaweza kuwa na baiskeli au watu wa kuvuka, hutakiwa kwenda kwa mwendo wa mtu atembeaye, na gari linaloipita baiskeli huko mjini huiachia angalau mita moja na nusu.

Iwapo jamaa wataandika ombi kwa KeNHA, yaani Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa, kuhusu Junction, inafaa wasiombe milia peke yake, kwa kuwa rangi nyeupe juu ya lami ya mteremko, tena katika ukungu wa saa kumi na mbili jioni, hupendeza zaidi kuliko inavyolinda. Waombe kivuko kilichoinuliwa, yaani kivuko kilichojengwa juu ya tuta pana, kitakachomshurutisha kila mwenye magurudumu kushuka hadi kilomita 30 kwa saa, mwendo ambao azimio la Stockholm la Februari 2020 liliupendekeza mahali watu na magari yanapochangamana. Ujerumani hutumia faini na rejista. Kenya ina uzoefu mrefu zaidi wa matuta, na katika nchi ya majani chai ni faida kubwa kwamba tuta halidai chai. Waombe pia steji na vibanda vihamishwe mbali na ukingo, na baada ya hapo akina mama wakubali kuhama, jambo ambalo pengine ni gumu kuliko kuishawishi serikali.

Kikao cha kuandika ombi hilo kikiitwa, vijana wa steji waketi pamoja na wenye matatu na malori, upande wa wenye magurudumu, hata kama viti vya upande wa pili viko karibu na sufuria ya chai. Kuhusu baiskeli iliyoombwa na mjukuu wa darasa la pili, pesa zitatumwa mwisho wa mwezi, zikiwemo za kengele, na fundi aambiwe kwamba breki ni mbili.